Mkono wa Mama wa Chai

Katika chumba cha mazoezi ya viungo hospitalini tulikuwa wawili tu: mimi na mwenzangu, mwanamume wa Uganda aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi. Yeye ndiye aliyenifundisha kumwinua mgonjwa mzito bila kujiumiza. Mwishowe mgongo wake mwenyewe ulimshinda.

“Dada, kutwa nawanyoosha watu,” aliniambia asubuhi moja, “nikirudi chumbani siwezi hata kuinama nivue viatu.”

Nilimsindikiza uwanja wa ndege, akarudi kwao. Wakubwa waliahidi kuleta mtu mwingine. Hawakuleta, na wagonjwa wake wote wakawa wangu.

Miongoni mwa wale niliokuwa nao tayari alikuwepo mama mmoja wa mtaa wa Hai Malakal, muuza chai, aliyepooza upande wa kulia. Kiswahili alikijulia ukimbizini Uganda, kama mimi, kwa hiyo tulielewana upesi. Alikuwa akija mara tatu kwa wiki. Siku alipoweza kushika glasi tupu na kuiinua hadi kidevuni, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi nilijificha nyuma ya pazia nikalia. Siku moja ya namna hiyo ilinitosha kuvumilia mwezi mzima.

Mwenzangu alipoondoka, ilinibidi nipunguze. Mama yule nikampa siku moja katika wiki mbili. Sikumweleza vizuri. Nilimchorea mazoezi kwenye karatasi, nikamwita anayefuata.

Aliporudi, kiwiko kilikuwa kimeanza kukakamaa. Tangu asubuhi sikuwa nimeonja hata maji, na benchi la nje lilikuwa limejaa. Nikamfokea mbele ya watu.

“Mama, hufanyi mazoezi! Unanipotezea muda!”

Hakukasirika. “Mwanangu, mkono huu unataka mtu wa kuuinua. Nyumbani niko peke yangu.”

Nilijua. Aliniambia siku ya kwanza kabisa, nami nikaliandika jambo hilo kwenye faili lake.

Hakuja tena. Nilijiambia labda amepata nafuu, au amehamia kwa ndugu. Ukweli ni kwamba nafasi yake nilikuwa nimeshampa mgonjwa mwingine, na nilishukuru kuipata.

Mvua zilipoanza, Jumapili moja baada ya ibada, nilitembea hadi Hai Malakal nikamuulizia. Nilimkuta mlangoni kwa tukuli yake, kibanda cha udongo na nyasi, ameketi kwenye kiti cha plastiki. Mkono ulikuwa umejikunja kifuani, vidole vimefumba ngumi, kucha zimezama kwenye kiganja. Nilipojaribu kuvifungua, alifumba macho na kuuma midomo.

“Malesh, mama,” nikamwambia. Nisamehe.

“Ulikuwa umechoka,” akajibu. “Nilikuona. Nikasema nisikuongezee.”

Afadhali angenitukana. Niliomba beseni kwa jirani, nikauloweka mkono wake kwenye maji ya vuguvugu, nikamkata kucha, nikaosha vidonda. Alinitazama usoni muda wote, kama mtu anayemhurumia mgonjwa.

Tangu hapo nilikwenda kila Jumapili. Vidole vilifunguka kiasi cha kupitisha kitambaa cha kuoshea, basi. Kiwiko hakikurudi. Jiko lake la chai alilichukua mwanamke mwingine. Kiangazi kilipoingia nilikuta mlango umefungwa. Jirani akasema kaka wa mama yule amekuja kumchukua, wamekwenda mji wa Yei. Sikuwa na namba ya kumpigia.

Watu huniuliza kama naipenda kazi hii. Naipenda, na hapo ndipo inaponiuma. Wiki iliyopita nilimwandikia tena mkubwa wangu nikimwomba mtu wa pili. Tulipokutana koridoni alisema barua ameiona, akaniuliza habari za nyumbani, akapita.