Mlango Juu ya Mawimbi

Siku ya kwanza nilipomwona yule mama mchoma samaki wa baa ya kando ya ziwa, alikuwa anaanguka majini kutoka kwenye mlango wa zamani wa mbao, alioufanya ubao wa kuteleza juu ya mawimbi. Kila jioni ya kiangazi, boti ya Goma ilipoinua mawimbi, alikaza kitenge, akaulalia mlango ule, akajaribu kusimama. Rafiki zangu walicheka wakinywa bia: "Maman, ukigeuka samaki, nani atakuchoma?" Alirudi akidondosha maji, akageuza samaki kwa vidole vyake vyenye makovu ya moto. Jana alisimama juu ya mlango hadi ukingoni. Wote walishangilia, lakini mimi, nisiyethubutu hata kulowesha miguu, niliinamisha kichwa. Akaniwekea sahani. "Papa, miezi mbili unaangalia tu. Kesho, wimbi iko yako."