Mlinzi wa Magari na Babu wa Kiingereza

Jumapili iliyopita nilikuwa namsubiri mke wangu nje ya kanisa moja la zamani huko Morningside, mtaa wa hapa Durban, napiga soga na mlinzi wa magari, Mkongo mwenzangu mwenye jaketi la njano. Akaja mzee Mzungu, faili kwapani. Anatafuta kaburi la babu wa babu yake, Mwingereza aliyeshuka melini hapa na walowezi wa kwanza kabisa. Alizunguka makaburi ya kanisa mara mbili, jina hakuliona.

Mlinzi akamwita kwa kidole, akampeleka kwenye jiwe ambalo mvua imelifuta maandishi yote. Mzee akavua kofia, akalipapasa kama shavu la mtoto, akalia. Akaenda kununua maua, akayaweka.

"Ulijuaje ni lile?" nikauliza alipoondoka.

"Mukubwa, mawe ingine yote inasomeka, na babu yake haiko. Ni nani anabakia?"

Saa haijaisha, akatokea mama mmoja, naye na faili lake, naye anatafuta babu. Mlinzi akampeleka kwenye jiwe lilelile. Niliwafuata roho mkononi.

"Maua haya kaleta nani?" mama akauliza.

Mlinzi hakupepesa macho. "Ndugu yako, madame. Ametoka sasa hivi."

Mama akaruka kwa furaha, akaomba namba ya simu ya huyo ndugu.

Nilitaka kumkemea yule mwongo. Kisha nikakumbuka babu yangu kalala Uvira, kwetu Kongo, na sijui nani anamng'olea majani kaburini. Naomba Mungu pale pawe na mwongo mmoja kama huyu.