Sauti ndani ya mashini ya Mama Furaha

Leo mashini ilikatala kuwaka mbele ya mwenyewe, nikakosa fasi ya kuweka macho.

Mama Furaha, muuza maziwa wa hapa Sake, aliniletea ordinateur, ile kompyuta ya bwana yake aliyekufa, niiwekee système mupya.

Katikati ya kazi ikasimama: fichier, faili moja ya système, haionekani. Nikawasha tena, ni ile ile.

Nikamwambia: "Mama, itabidi nifute vyote."

"Apana, kaka! Sauti ya bwana yangu iko ndani. Alikuwa anaimbisha korali."

Aïe. Basi nikatafuta pole pole. Kumbe kosa iko kwa kle yangu, ile USB yenye système! Umeme ulikatika wakati nilikuwa nakopia, njo maana ile fichier haikuingia. Nikaikopia upya, nikaanza tena.

Ikawaka!

Nikafungua wimbo moja, tuhakikishe. Mbele korali ianze, sauti ya mwanaume ikaita: "Mama Furaha, leta chai!"

Mama akasimama: "Niko nakuya!"

Nikasimamisha wimbo.

Kisha akacheka yeye mwenyewe, akapanguza macho: "Kaka, rudisha nyuma kidogo."

Nyinyi mungefanya nini? Mimi nilirudisha.