Mshumaa Haukutingika

Leo nimesifu dirisha zilizotaka kuniulia mama.

Hapa Molo baridi si mchezo, so tumewekewa dirisha mpya za vioo viwili. Fundi akaziba hadi vile vitundu vya hewa juu ya ukuta.

Asubuhi nikawasha mshumaa, nikaupitisha kando ya fremu zote. Moto haukutingika. Nikamwambia fundi, "Boss, hii ndio kazi!"

Mchana mvua ikashika. Mathe wangu akaingiza jiko la makaa kwa bedroom yake, vile hufanya miaka yote, akafunga mlango. Mimi nikaenda duka.

Kurudi, nampata kwa kiti. "Mum!" Namtingisha, kichwa kinaanguka upande.

Jameni. Kumbeba siwezi, handle mpya ya dirisha inafunguliwa aje sikumbuki.

Nikavunja kioo na kigoda. Hewa ikakataa kuingia.

Nikakumbuka vioo viko viwili.

Nikagonga tena nikipiga nduru, jirani akaja, tukambeba nje.

Sai yuko wodi, ameamka. Daktari anasema ni gesi ya makaa, haikuwa na pa kutokea. Ameniuliza nani amevunja dirisha mpya.

Sijaweza kucheka. 

Kwenu jiko liko wapi saa hii? Tafadhali, inuka uangalie.