Niliuza Theluji Nikiwa Geita

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa kabla ya chai ya saa nne, nikarudishwa baada ya chai. Ofisi ya wakala wa safari ilikuwa Shinyanga mjini, chumba kimoja juu ya duka la mbegu na dawa za pamba. Simu ikalia, mteja akauliza kama kuna nafasi kwenye ndege ya Ijumaa kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam. Mimi, msichana niliyevaa sketi ya kuazima, nikajibu kwa sauti tamu, "Ipo baba, njoo tu." Meneja wa Tawi akanyanyua kichwa.

"Umemuuliza nani?"

Sikuwa nimemuuliza mtu. Akanionyesha mlango.

Mhasibu aliniombea msamaha, nikarudi na macho mekundu. Meneja akanisimamisha mbele ya meza yake. "Binti, yule wa duka la chini akiuza mbegu mbovu, mbegu zenyewe zinaonekana. Wewe unauza neno. Usiseme kuna kabla hujauliza. Na ukiuliza, usimuulize anayeuza." Nilimchukia siku ile. Leo nawaambia nyinyi mnaoingia kwenye kazi hii na simu zenu janja: katika miaka yote niliyofanya kazi, sikufundishwa jambo jingine kubwa kuliko hilo.

Shinyanga nilikaa miaka mingi nikikata tiketi za wanunuzi wa pamba, mahujaji na wanafunzi waliokwenda kusoma nje. Kisha migodi ikachangamka upande wa Geita, na Meneja akapelekwa Kalangalala, Geita mjini, kufungua tawi. Akanichukua. Wakati huo nilikuwa nimeshaolewa na kuzaa, naitwa Mama Shija, na wateja wangu wapya walikuwa mafundi wa kigeni wa kampuni ndogo ndogo zinazotengeneza mitambo ya migodini. Wengi walikuja na wake zao na watoto.

Msidhani kila mzungu ana hela. Wakubwa wa makampuni walichukua likizo ya Krismasi, wakaenda popote walipotaka. Mafundi waliachiwa mwanzo wa Desemba. Na hao mafundi, sijui ni ugonjwa gani, baada ya mwaka mzima wa vumbi letu jekundu walitaka kitu kimoja tu: kuwapeleka watoto wakaone theluji na kuteleza kwenye skii, zile mbao ndefu nyembamba za kufunga miguuni. Basi wanakuja na mambo manne. Iwe mwanzo wa Desemba. Theluji iwepo kweli. Bei iwe ya fundi. Na watoto wadogo waweze kucheza. Ukishika matatu, la nne linakuponyoka.

Mara ya kwanza nilileta katalogi yenye picha nzuri. Meneja akaiangalia, akaisukuma pembeni.

"Picha hii ilipigwa lini?"

"Sijui, bosi."

"Februari. Huoni paa limebeba theluji mpaka dirishani? Mteja wako anakwenda Desemba mosi. Utampa Februari yako?"

Nikaanza kujifunza. Nilijifunza kimo, maana kijiji kilicho juu mlimani hupata theluji mapema kuliko kilicho bondeni. Nikajifunza habari za mashine za kumwaga theluji ya kutengeneza, na kwamba mashine hizo hazileti baridi, zinaisubiri baridi kama mtu mwingine yeyote. Nikajifunza ile barafu ya kudumu iliyo juu kabisa, isiyoyeyuka kiangazi. Hiyo niliielewa upesi kwa sababu nimezaliwa Kishapu. Niliiona kama ngitili, lile eneo la majani ambalo Wasukuma hulifunga wakati wa mvua lisiguswe, ili mifugo ipate cha kula kiangazi. Kijiji chenye barafu yake ya akiba kina uhakika, ila bei yake usiguse.

Na kosa la wengi lilikuwa hili: hoteli inatangaza theluji ya kileleni. Kweli ipo, lakini mtoto wa miaka sita hapelekwi kileleni. Anajifunzia kwenye kiteremko cha chini, karibu na kijiji, na hapo kunaweza kuwa na matope matupu. Kwa hiyo nilikuwa nauliza, pale mtoto atakaposimama kukoje?

Nimuulize nani sasa? Mwenye hoteli anauza. Mwenye shule ya skii anauza. Nikagundua njia yangu mwenyewe, na Meneja alicheka mpaka akavua miwani. Nilipiga simu ofisi ya mabasi ya kijiji chenyewe, huko ng'ambo. Theluji ikishika barabara, madereva wa kule hufunga minyororo kwenye matairi wasiteleze. Basi mimi nauliza tu, "Leo mmefunga minyororo?" Mtu wa mabasi haniuzii kitu, hana sababu ya kunidanganya. Akisema wamefunga, napeleka watoto. Akisema bado, natafuta kijiji kingine.

Mdogo wangu Masanja alikuja ofisini nikiwa bado mgeni Kalangalala. Yeye ndiye aliyebaki Kishapu na ng'ombe wa baba, yeye na mkewe, Mama Kabula, na watoto watatu. Ng'ombe wale ndio walionisomesha mimi, na ndio waliolipa mahari ya Mama Kabula. Alikaa kwenye kiti cha wateja na makubazi yake ya matairi, akafungua katalogi.

"Dada, hawa wamemwaga unga?"

"Ni theluji. Wanalipa waende kwenye baridi."

"Wanalipa! Na isipoanguka?"

"Wanalia."

"Kumbe ni wafugaji wenzetu," akasema, akacheka peke yake.

Toka siku ile, kila mwaka mvua za mwanzo zilipokaribia, alinipigia simu. "Shikamoo, dada." "Marahaba, Masanja." Kisha kabla ya habari za nyumbani, "Wazungu wamepata?" Namwambia wamepata, nyie je? "Na sisi tumepata." Ndiyo ilikuwa salamu yetu. Hata mume wangu, Mungu amrehemu, aliijua. Akiona simu ya Masanja alikuwa ananipa huku anauliza kama wazungu wamepata.

Lakini majibu yalianza kubadilika. Vijiji vya chini vikaacha kufunga minyororo Desemba. Nikapandisha familia zangu juu zaidi, na bei ikapanda nazo. Mwaka mmoja mafundi watatu wakaniambia, "Mama Shija, tutabaki hapa hapa tuogelee." Masanja naye akaanza kujibu, "Bado, dada. Mawingu yanakuja yanatutazama tu, yanaondoka." Ngitili ya ukoo ilikuwa imekwisha. Nusu ililimwa, nusu ilichimbuliwa na watu wa dhahabu wakaacha mashimo. Akawa anahamisha ng'ombe mpaka Runzewe, wanarudi wamekonda.

Meneja alistaafu. Akaja Mkurugenzi mpya, kijana wa suti, mwenye haraka. Si mtu mbaya, sitaki kumsingizia. Ila alikuwa na msemo mmoja: "Wakala hasemi hakuna. Wakala anasema kuna hiki badala ya kile."

Mwaka wangu wa mwisho kazini akaja fundi mmoja, Msauzi, na mkewe na watoto wawili ambao hawajawahi kuona theluji. Walikuwa wamejibana mwaka mzima. Nikapiga simu zangu zote, kijiji baada ya kijiji. Minyororo? Bado. Minyororo? Bado. Kilichokuwa na barafu ya akiba kilitaka hela ambayo wale watu hawakuwa nayo. Nikawaambia ukweli. Kwa hela yenu, mwanzo wa Desemba, hakuna. Pelekeni watoto baharini.

Mama yule alinitazama kama nimemtukana. Mkurugenzi akatoka chumbani kwake akitabasamu, na katalogi mkononi. Akawauzia kijiji cha chini.

Wiki hiyo hiyo Masanja akapiga. Hakuuliza habari za wazungu. "Dada, wewe unayejua kutafutia watu mahali. Nitafutie mahali penye mvua. Ng'ombe wanaanguka."

Jamani, nilifanya kazi ile kuliko kazi yoyote niliyowahi kumfanyia mteja. Mambo yalikuwa yale yale manne. Mvua iwe imeanza. Iwepo kweli. Gharama ya kuwafikisha aiweze. Na watoto wapate pa kusimama, maana alikuwa anahama na mkewe na wote watatu. Kwetu hakuna minyororo, kwa hiyo nilitafuta madereva wa malori. Nikawapigia wa Katavi, wa Rukwa, wa Mbeya, mpaka wa Lindi. Nikawauliza, "Mmenasa wapi?" Maana lori likinasa kwenye tope, mvua ipo na majani yanakuja.

"Hatujanasa, mama! Barabara safi mwaka huu. Vumbi tu."

Kila mmoja alifurahi kunipa habari hiyo. Mimi nalia.

Nikampigia Masanja. "Hakuna. Nimeuliza kote. Uza walio na nguvu, ubaki na wachache, uje huku kwangu."

"Niuze ng'ombe wa baba kwa bei ya mbuzi?"

"Uza, Masanja."

"Kuna mtu Kahama anasema kusini majani yanafika magotini."

"Anafanya kazi gani huyo mtu?"

"Ana malori ya kubebea mifugo."

"Basi anauza! Ana tofauti gani na mwenye hoteli?"

"Dada," akasema polepole, "wewe unasema hakuna. Yeye anasema kuna. Nikikusikiliza wewe, nikae hapa niwaangalie wanavyokufa?"

Hapo ndipo niliielewa ile sura ya mama wa Kisauzi. Mtu ukimwambia hakuna, anakushukuru, anaondoka, anakwenda kumtafuta atakayemwambia kuna. Na atampata, hakosekani. Uchungu ni kwamba simlaumu. Hata mimi ningekuwa na watoto na ng'ombe wanaoanguka, ningepanda lori lile.

Familia ya fundi ilirudi katikati ya Desemba. Walinyeshewa mvua kwenye kile kijiji siku zote walizokaa. Mama yule alipita ofisini kuchukua karatasi za bima, akamkalisha mwanawe mdogo kwenye kiti, na mtoto alikuwa amevaa glavu nene za theluji hapa Geita kwenye joto. Zilikuwa safi, bado na lebo ya dukani. Hakunilaumu wala hakumlaumu Mkurugenzi.

Siku chache baadaye Mama Kabula akashuka stendi ya Geita na watoto watatu na furushi moja. Kusini hapakuwa na majani. Yale machache yalikuwa na wenyewe, na wenyewe waliwafukuza. Ng'ombe waliisha njiani wakisukumwa kutoka kijiji hadi kijiji. Nilimuuliza, "Na Masanja?" Akakaa chini kwenye saruji. "Amesema mtu hawezi kwenda kwa dada yake mikono mitupu."

Masanja alinipigia mara moja kabla ya mwaka kwisha. Hakuniambia yuko wapi, lakini nilisikia karasha nyuma yake, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, nikajua amekwenda machimboni.

"Shikamoo, dada. Wazungu wamepata?"

"Hawajapata. Ilikuwa matope tu."

"Kumbe hata wenye hela."

"Njoo nyumbani, Masanja. Sitaki ng'ombe, nakutaka wewe."

"Waangalie watoto," akasema. Toka siku ile simu yake haipatikani. Kuna waliosema wamemwona Runzewe, nikaenda. Nilizunguka kwenye maduara, yale mashimo wanayoteremka kwa kamba, nikamtaja jina. Masanja ni wengi huko. Walijitokeza wawili, wote si yeye. Nilirudi nikiwa nimechoka mwili na roho.

Nikastaafu. Walinipa keki na khanga, Mkurugenzi akasema maneno mazuri. Sasa mnaniuliza nyinyi vijana kazi hii imenifunza nini. Mnataka niseme subira, uaminifu, na kadhalika. Semeni wenyewe. Mimi nilifundishwa kuuliza kabla ya kusema kuna, nikauliza maisha yangu yote, na siku iliyokuwa na maana, jibu la kweli halikumsaidia mtu wangu hata kidogo. Ningefanya nini zaidi? Nimejiuliza mpaka nimechoka, na sijui.

Lakini mazoea yana taabu. Kila mwanzo wa Desemba bado napiga simu ile ofisi ya mabasi, ingawa sina mteja. Nataka tu niwe na jibu, Masanja akipiga. Mwaka huu alipokea dada yule yule wa miaka yote, sauti yake imezeeka kama yangu. Nikamuuliza kuhusu minyororo. "Tumefunga tangu jana," akasema, "mpaka kijiji cha chini kabisa." Nikamshukuru. Kisha nikampigia dereva wa lori wa Kishapu ninayemfahamu. Alikuwa anafoka. "Tumenasa, mama! Toka juzi tumenasa, tope mpaka kwenye ekseli!"

Nikapiga namba ya Masanja. Yule mwanamke wa mtandao akaniambia kama kawaida yake kwamba haipatikani kwa sasa. Sijui nilipatwa na nini, nikamjibu yeye. Nikamwambia, mwambie wamepata. Mwambie mwaka huu wazungu wamepata, mpaka pale chini watoto wanaposimama, na sisi tumepata.

Mama Kabula alikuwa mlangoni na sufuria mkononi. Akaniuliza naongea na nani.