Umewahi Kufanya Wapi?

Swali lenyewe lilikuwa moja tu, na nililisikia kila mahali. Nililisikia Mpwapwa bomani, kutoka kwa askari wa langoni ambaye hakuniruhusu hata nipite nikaulizwe na mkubwa wake. Nililisikia kwa Mhindi mwenye duka, aliyeniuliza huku anapima kitambaa, bila kuniangalia. Halafu nikalisikia Dodoma, kwenye stesheni mpya iliyokuwa bado inanuka rangi, na hapo ndipo liliponichosha zaidi, maana hapo ndipo nilipoitaka kazi hasa.

"Umewahi kufanya wapi?"

Sikuwahi popote. Nilikuwa nimetoka shule ya serikali kule pwani. Nilijua kuandika kwa herufi za Kizungu na za Kiarabu, nilijua hesabu, na Kijerumani nilijua cha kutosha kuelewa ninapotukanwa. Walimu walituambia serikali inatungoja. Niliporudi bara nikaona serikali haimngoji mtu. Watu ndio wanaoingoja serikali, wamekaa juani, wamejipanga ukutani kama mitungi.

Karani mkuu wa stesheni alikuwa mtu wa pwani, mnene, mwenye kanzu iliyonyooka siku zote hata upepo wa Dodoma ukivuma na vumbi lake lote. Msaidizi wake alikuwa amehamia magharibi, huko reli ilikokuwa ikiendelea kujengwa, na kiti chake kilikuwa kitupu. Nilikiona dirishani kila asubuhi.

"Shikamoo, bwana karani."

"Marahaba. Umekuja tena?"

"Nimekuja tena."

"Na tangu jana umewahi kufanya wapi?"

Wapagazi waliokaa kivulini walicheka. Walikuwa wameshaizoea michezo yetu. Siku hiyo nilikuwa nimechoka, nikamjibu kwa swali.

"Bwana karani, wewe siku yako ya kwanza ulikuwa umewahi kufanya wapi?"

Aliiweka kalamu chini. "Mimi nilianza forodhani, kwa mjomba wangu."

"Na mjomba wako alianza kwa nani?"

"Kijana, hayo kawaulize mapadri. Hapa watu wanapanda gari." Akanitazama pembeni mwa kichwa. "Halafu hayo masikio. Bwana Stesheni akiyaona atasema nimemletea mchunga ng'ombe."

Masikio yangu yalitobolewa na kuvutwa nikiwa mdogo, kama ya kila Mgogo. Shuleni waliyacheka mpaka wakachoka. Nilipokuwa natafuta kazi nilikuwa nayakunja kwa juu na kuyafunika kwa kofia, lakini yalikuwa yakichomoka kila nilipoinama kusalimia, na mtu asiye na kazi anainama sana.

Kurudi nyumbani sikuweza. Baba alikuwa na ng'ombe karibu na Gulwe, na hakuelewa hata kidogo kwa nini mtu aende pwani kujifunza kukaa kitini. Niliporudi aliniambia niende malishoni, kama vile nilikuwa nimetoka kisimani. Nikamwambia mimi na kuchunga tumeachana. Akiniona tena ataniona karani, au hataniona tena. Ndugu zangu wote walisikia. Sasa mtu aliyesema hivyo anarudije na kofia tu?

Nililala kwa Mrangi mmoja, muuza tumbaku aliyetoka Kondoa, mwenye kibanda upande wa Kizota. Yeye hakuwa na shule yoyote wala hakuitamani.

"Leo wamekuuliza?" alikuwa akisema nikiingia.

"Wameniuliza."

"Basi wanakupenda, bwana. Mimi hawaniulizi kitu."

Hatimaye karani mkuu alichoka na mimi, nadhani, au alichoka kufanya kazi za watu wawili. Aliniambia Bwana Stesheni, yule Mjerumani mkuu wa pale, atachagua msaidizi yeye mwenyewe, siku ya gari la kwenda pwani, likishaondoka tu. Niliazima sabuni kwa Mrangi nikaifua kanzu yangu na kuianika juu ya miiba, nikailinda isiliwe na mbuzi.

Nilipofika nilikuta mwenzangu benchini. Alikuwa kijana wa pwani, mpole, mwenye viatu. Alikuwa amefanya kazi forodhani msimu mmoja.

"Kazi gani hasa?" nikamuuliza.

"Kuhesabu magunia."

"Ukikosea?"

"Unahesabu tena."

"Basi ndiyo yote?"

Akafikiri kwa uaminifu. "Ndiyo yote."

Tukacheka wote wawili, lakini mimi nilijua amenishinda. Tumaini langu lilikuwa moja, niingie mle ndani, niseme Kijerumani changu mbele ya Mjerumani mwenyewe, anisikie kabla hajaniona vizuri.

Gari halikuondoka. Mgiriki mmoja alikuwa amenunua ng'ombe vijijini ili awapeleke pwani, na ng'ombe wale walikataa kupanda mabehewani. Watu aliowaajiri walikuwa wapagazi wa zamani, hodari wa mizigo, nao waliwafanya ng'ombe kama mizigo: waliwasukuma, waliwavuta, waliwapiga. Ng'ombe alikuwa akikanyaga ubao wa kupandia, ubao unalia chini ya kwato, anarudi nyuma na kuwaangukia wenzake. Bwana Stesheni alikuwa akitembea na saa yake mkononi, amewiva uso, anatukana kwa lugha mbili. Karani mkuu akatoka, akatuambia huenda leo hapatachaguliwa mtu. Kesho Bwana Stesheni alikuwa anasafiri.

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka arudi."

Nilikaa kidogo. Jua lilikuwa linahama. Nilijiambia kwamba ng'ombe si kazi yangu, nikajiuliza kazi yangu ni ipi basi. Kisha nikasimama. Watu walisema baadaye kwamba niliwahurumia wanyama. Hapana. Nilitaka gari liondoke ili nikaulizwe swali langu.

Niliwaambia wale watu waache fimbo. Nikazoa mavi na mchanga kwa mikono, nikatandaza juu ya ubao mpaka usisikike tena, maana ng'ombe haamini ardhi inayolia. Halafu nikamtafuta jike mwenye kundi. Kila kundi linaye, na unamjua kwa jinsi wengine wanavyompisha. Nikamkuna chini ya shingo, nikampigia mluzi ule wa jioni wa kuwarudisha zizini, nikamtangulia bila kugeuka nyuma. Nilimsikia akipumua mgongoni kwangu. Nilipofika ndani ya behewa nilikuwa naye, na nyuma yake walikuwa wanapanda wengine, taratibu, kana kwamba tembe la kwao limehamia pale.

Nilishuka nikiwa na mavi mpaka viwiko. Kofia ilikuwa imeanguka. Wapagazi walikuwa wanashangilia, na mmoja akapaza sauti kwa salamu ya Kigogo, "Mgogo huyo! Mbukwenyi, baba!" Gari likapiga filimbi, likaondoka na Mgiriki wake.

Bwana Stesheni alikuja moja kwa moja kwangu, anacheka. Akamwambia karani mkuu kwa Kijerumani kwamba watapita ng'ombe wengi mwaka huu, na huyu ndiye mtu. Karani hakutafsiri, aliona nimeelewa.

Nikajibu kwa Kijerumani, maneno niliyoyapanga tangu usiku. Nikasema nimekuja kuomba kazi ya karani.

Alirudi nyuma kidogo kunitazama vizuri, kama mtu aliyesikia sauti kutoka kwenye gunia. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nimewahi kufanya kazi hiyo.

"Hapana, bwana."

"Na ng'ombe?"

Kwa miezi yote ile nilikuwa natamani mtu aniulize kitu nilichokuwa nimewahi kukifanya. Sasa ameniuliza, na mdomo wangu ukasema, "Sikuwahi."

Walicheka wote, hata kijana wa forodhani, ingawa yeye alijificha nyuma ya kiganja. Bwana Stesheni alicheka mpaka akaifuta miwani. Akanyosha kidole kuelekea zizi la stesheni, kisha akamwonyesha mwenzangu mlango wa ofisi. Ilikwisha hivyo. Wala hakuna aliyenionea, nikipima vizuri. Alichagua kwa aliyoyaona.

Mrangi alikuwa amekaa kivulini na wapagazi, ameona mambo yote, tumbaku yake mapajani.

"Chukua," akaniambia. "Kwa baba utachunga bure."

"Nilimwambia nitarudi karani."

"Basi usirudi. Nani amekulazimisha kurudi?"

Nilikwenda dirishani. Kijana wa pwani alikuwa ameshakaa, anakisogezasogeza kiti kupata mahali pake. Nilimwita karani mkuu, akaja akiwa amechoka, bila ubaya.

"Bwana karani, nikikaa na ng'ombe hapa stesheni, halafu kiti kikawa wazi tena, nitahesabiwa kwamba nimewahi kufanya kazi?"

Alilifikiria. Nilimheshimu kwa hilo.

"Ya ng'ombe," akasema, "ndiyo."

Nikazunguka nyuma ya stesheni kumuuliza mlinzi ufagio wa mabehewa unawekwa wapi.