Shimo la Mzenga na Kuta Zake

Watu wa Sofu wanaonunua dukani kwangu watakwambia mimi sipunjiki. Chenji yangu naihesabu mara mbili, ya mteja mara tatu. Kwa hiyo nilipokwenda Mzenga kununua shimo lililoachwa na wachimba mchanga, ili nipande mananasi, nilibeba kamba yangu mwenyewe. Kamba za wauzaji zina tabia ya kufupika.

Bei tulishapatana, kwa mita. Tukavuta kamba kutoka mpaka hadi mpaka: ikashuka ukuta, ikapita chini, ikapanda ukuta wa pili. Nikapima tena, jibu lilelile. Eneo lilizidi alilotaja muuzaji, naye, kwa uungwana mkubwa, akakubali tufuate kamba yangu. Nililipia na zile mita za ziada nikijizuia kucheka, kwamba nimepata ardhi ambayo mwenyewe hakujua anayo.

Juu ya ukingo alisimama bibi mmoja mwenye mwiko mkononi. Alikuwa akitutazama tangu mwanzo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kabila gani weye?"

"Mnyamwezi."

"Ahaa, mtani wangu! Ndiyo maana. Sasa umenunua na kuta, utapanda mananasi yaning'inie kama popo?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimelipia mita zilizosimama wima, tena nimezipima mara mbili nisije nikakosea kuzilipia. Nilipogeuka, muuzaji na pikipiki yake walikuwa vumbi.

"Basi karibu uone na mengine uliyonunua," alisema bibi.

Nyuma ya jiko lake, jiko la udongo na makuti, ardhi ilikuwa na ufa ambao mkono wangu ulizama hadi kiwiko. Kila msimu wa mvua shimo lilikuwa likila kipande cha uwanja wake. Sasa kati ya jiko na ukingo palibaki mahali pa kulaza mkeka mmoja. Masika ikija, jiko lingeshuka shimoni, na yeye hupika humo alfajiri na jioni.

Nikamwambia nitaweka viroba vya mchanga.

"Mchanga uuzuie mchanga? Haya, na mwizi utamlindisha mwizi mwenzake."

Nikamwomba ahamishe jiko. Akanitazama kama niliyemwomba ahamishe kichwa. Bwana shamba wa kata akatuambia njia ni moja: ukuta ulazwe uwe mteremko. Udongo mweusi wa juu utolewe kwanza na uwekwe pembeni, mchanga wa ukingo ushushwe ujaze chini, kisha ule mweusi urudishwe juu na upandwe majani ya kushika ardhi. Ila kuulaza ukuta ni kula ukingo, na ukingo wa pembeni mwa jiko ulikuwa wa bibi.

Nikaanza kazi ninayoijua. "Bibi, nipe kipande hicho, nami nitalipa vibarua."

"Chimba. Lakini kitabaki changu."

"Nichimbe kwa gharama yangu, halafu kibaki chako?"

"Jiko ni langu, ukuta ni wako. Nani anamwangukia mwenzie?"

Nikaomba nusu. Akacheka, akaingia ndani kugeuza ugali. Alipotoka nilikuwa nimeshakubali yote, na nikamshukuru juu yake.

Vibarua walikuwa wamefika katikati ya kazi, mchanga umelala chini safi kama sukari, lilipotokea lori la tipa likitafuta mzigo. Dereva akataja bei ya mchanga ule. Nikakataa kwa mazoea, akapandisha. Nikakataa tena, akapandisha tena. Wallahi ilikuwa bei tamu kuliko zote nilizowahi kupata, na nilikwishanyoosha mkono tupatane.

"Mtani!" Sauti ilitoka juu. "Ukimpa huo, mteremko utaegemea nini? Kiuno chako?"

Nilitazama mchanga, nikatazama jiko, nikatazama wingu lililokuwa likijikusanya upande wa Kwala. Nikarudisha mkono mfukoni. Dereva alidhani nabana, akapandisha mara ya tatu. Nilimwomba aondoke upesi kabla sijapona wazimu huo.

Tulimaliza mteremko, nikapanda mananasi chini, na mvua ikaanza wiki ileile bila kuona haya. Siku ya kwanza ilipotulia asubuhi nilipanda bodaboda hadi Mzenga. Chini ya shimo, mananasi yangu yalikuwa yameoga hadi shingoni. Mteremko ulikuwa na michirizi ya maji, lakini ulikuwa palepale, na moshi ulipenya kwenye makuti.

Bibi akaniita ndani, akanipa kigoda na kikombe cha chai. Nilikaa ncha ya kigoda, karibu na mlango, macho sakafuni.

"Kaa vizuri, Mnyamwezi," alisema, akichochea moto. "Mteremko umeujenga weye. Kama huuamini, sema nihamishe chai."